Uliza mbele ya serumu ya kwanza

Leo tuzungumze neno ambalo watu wanaficha. Mwezi uliopita, kiisha ibada, mama mumoja alinivuta pembeni. Binti yake wa miaka 19 ameonekana na kansere ya tezi, na munganga anataka kuanza dawa. Mama hakulia juu ya kifo, alilia juu ya wakwe: “Akipona lakini asizae, nani atamuoa?” Binti mwenyewe alisimama hapo hapo. Hakuna mutu aliyemuuliza neno.

Tusimucheke huyu mama. Sote tunajua namna bibi asiye na mutoto anavyosemwa katika makambi yetu. Lakini woga huu usimukimbize mugonjwa kwa dawa. Kansere isiyotunzwa inaua, na hapo hakuna uzazi wala muzazi.

Sikia sababu. Dawa za kansere zinapiga chembe zinazozaana mbio, na zingine, kama siklofosfamidi, zinaua mayai ya mwanamuke vilevile. Mutoto musichana anazaliwa na mayai kama milioni 1 hata 2, na hapati mengine. Mashini ya miali ikipiga chini ya kitovu, inaharibu pia. Hapana kila dawa, hapana kila mugonjwa. Umri na kipimo cha dawa vinahesabika.

Kwiko njia za kulinda uzazi, lakini ni mbele ya dawa kuanza. Kwa kijana mwanaume ni kazi ndogo: anatoa mbegu katika kikopo, wanaigandisha ndani ya azoti, kwa baridi ya digri 196 chini ya sifuri, na inakaa miaka mingi. (Vijana, musione haya!) Kwa mwanamuke wanatoa mayai kiisha sindano za siku 10 hata 14. Kwa musichana asiyeona bado damu ya mwezi, wanaweza kutoa kipande cha kifuko cha mayai na kukiweka katika baridi ile ile.

Hii ya mwisho hapana hadithi. Huko Bruseli, Ubelgiji, mwaka 2004, mwanamuke aliyepona kansere ya tezi alizaa mutoto. Vipande vyake vilitolewa mwaka 1997. Mwaka 2014, muji ule ule, alizaa dada mumoja mugonjwa wa SS, muzaliwa wa Kongo-Brazzaville. Yeye hakuwa na kansere, lakini mbele ya kumupa uboho wa kaka yake walimutia dawa za namna ile. Alikuwa na miaka 13. Walitoa kifuko kimoja, na kile kilichobaki kilikufa kiisha dawa. Zaidi ya miaka 10 kupita, walimurudishia vipande vyake, akabeba mimba, akazaa mutoto mwanaume.

Utasema: Bruseli ni mbali, na feza iko wapi? Kweli, sitakudanganya, ni bei kali. Lakini kuuliza hakuna bei. Mara zingine munganga anaweza kuchagua dawa isiyopiga mayai sana. Kama ni miali, wanaweza kusogeza vifuko pembeni kwa upasuaji, na kazi hiyo haiombi azoti. Na akikuambia ugonjwa haungoji, basi usingoje.

Nilimwambia yule mama: binti aingie mwenyewe kwa munganga, asibaki inje ya mulango. Aulize: dawa hii itagusa uzazi wangu? Tuko na siku ngapi mbele ya serumu ya kwanza? Binti aliomba kalamu, akaandika yote mawili kwenye mukono wake. Walikuwa na siku nne.