Mama Aliyeshika Kalamu

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za Susanna Wesley, mke wa padre wa Epworth, katika nchi ya Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1669, akazaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Wanawe John na Charles wajulikana sana, kwa kuwa ndio walioanzisha Umethodisti. Lakini leo twamtazama mama yao.

Yeye mwenyewe aliwafundisha watoto nyumbani. Na sheria yake moja ilikuwa hii: binti asifundishwe kushona mpaka ajue kusoma sawasawa. Tena kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kuzungumza na mama. Ya John ilikuwa Alhamisi.

Februari 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto, na maandiko mengi ya mama pamoja nayo. Watoto wakatawanyika katika nyumba za watu. Je, mafundisho yalikoma? La! Mwaka 1710 alimwandikia binti yake Sukey barua ndefu ya kumweleza Imani ya Mitume. Mahali asipofika yeye, barua yake ilifika.

Baadaye, mumewe alipokuwa London mkutanoni, Susanna aliongoza sala jikoni kila Jumapili jioni, pamoja na watoto na watumishi. Majirani nao wakaja, hata wakawa kama 200. Padre msaidizi akapeleka mashitaka, naye mume akaandika kumtaka aache. Susanna hakutukana, wala hakunyamaza. Februari 1712 alijibu kwa barua, akaeleza faida iliyopatikana. Kisha akamwambia mumewe kwamba, akiona vema kuyakomesha, asimwombe tu, bali amwamuru waziwazi, ili lawama isiwe juu yake mbele ya Mungu. Kama angalinung'unika mlangoni kwa jirani, nani angalijua neno lake? Lakini kwa kuwa aliliandika, lasomwa hata leo.

Basi, enyi akina baba na walimu, binti akiwaletea barua yake ya kwanza, msimcheke kwa makosa ya herufi. Mjibuni. Nanyi akina mama, waandikieni watoto walio mbali. Na barua za mama zenu zitunzeni vema, zisiliwe na mchwa.