SHEMEJI WA TARIME, MUME WA MKE MMOJA

Wiki hii nipo Matongo, huku Nyamongo, wilayani Tarime, jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Vumbi lake usiombe. Nimetia timu kwenye kijiwe cha kahawa, nikakuta washikaji wanabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Kisa? Jamaa mmoja wa hapo kaonekana mchana kweupe kabeba mtoto mgongoni, mkewe anaumwa. Basi ikawa kasheshe! Mmoja kasema jamaa kalishwa limbwata. Mwingine akanigeukia: "Wewe mura wa mjini, hebu sema, mwanaume wa Mara anabeba mtoto?"

Nikawaambia mwanaume wa Mara namjua mmoja, tena ni shemeji yenu. Mwalimu Nyerere.

Wakacheka, lakini sikuwa natania. Mama Maria alizaliwa mwaka 1930 kule Baraki, na Baraki enzi hizo ilikuwa Tarime. Wilaya ya Rorya imekuja kumegwa juzi tu, mwaka 2007. Kwa hiyo Mwalimu alioa huku, hata mkikataa.

Tumezoea kumkumbuka kwa hotuba na kwa picha ile ya ukutani ofisini. Mimi leo namkumbuka yule baba wa watoto wanane, mume wa mke mmoja. Na huo mmoja si jambo dogo, ukijua alikotoka. Baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Mama yake Mwalimu, Bi Mgaya, alikuwa wa tano. Kijana aliyekulia boma la namna ile angeweza kusema ndivyo nilivyoona kwa baba, na mimi nafuata. Yeye mwaka 1944, akiwa Makerere, akaketi akaandika insha ndefu kuhusu uhuru wa wanawake, akitetea mama zetu wanaofanyishwa kazi kama punda. Alikuwa na miaka 22 tu. Wengi wetu kwa umri huo kalamu tunaitumia kuandikia barua za mapenzi, tena za kunakili!

Halafu kuna suala la kusubiriana. Mwaka 1949 Mwalimu akaenda Uskochi, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi 1952. Miaka mitatu hiyo, hakuna simu ya mkononi, barua inapanda meli. Siku hizi mchumba akienda Mwanza wiki mbili tu, akirudi anakuta kiti kina mtu. Wao wakafunga ndoa Januari 21, 1953. Na kabla ya hapo msomi wetu, pamoja na digrii yake ya Ulaya, alikuwa Butiama anajenga nyumba ya kumleta mke, kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa hapa niwe mkweli, maana sipendi kumpamba mtu hadi apoteze sura. Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili ashughulike na TANU. Mshahara kwisha. Ndani kuna watoto wadogo, nje kuna wageni wa chama wanaingia na kutoka. Nani aliyeshika nyumba? Mama Maria alifungua duka dogo pale Dar es Salaam, senti za dukani zikawa ndizo za mboga. Ile nyumba yao ya Magomeni leo ni makumbusho, ukipita ingia ujionee. Kwa hiyo anayemsifia Mwalimu kuwa mume mwema bila kumtaja mkewe anasifia jembe akisahau mpini. Tena mwaka 1966, akiwa Rais, alijikata mwenyewe mshahara asilimia 20 baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana. Taifa likapiga makofi. Mimi nawaza jioni ile mama alivyopanga upya bajeti ya unga.

Lakini aliona, hilo namsifu nalo. Mwaka 1967 aliandika wazi kwamba vijijini wanawake ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote, na wanaume wengi nusu ya maisha yao wako likizo. Nilipowaambia hilo kijiweni, kikombe kimoja kilibaki hewani.

Huku Nyamongo kuna neno tegesha. Mtu akisikia mgodi utachukua eneo fulani, anasimamisha vibanda harakaharaka, anapanda na miti, anangoja fidia. Nyumba ipo, lakini hakuna anayekusudia kulala humo. Nikawaambia washikaji: kuna na waume wa tegesha. Jina lipo, watoto wapo, ila mwenyewe anangoja hela itoke apotelee mjini na demu mpya. Hapo hawakucheka. Kila mmoja nadhani alimjua mtu, au alimjua baba yake.

Kuna jambo jingine linalonigusa mimi kuliko yote. Mwaka 1995, Mwalimu akimpigia debe Mkapa wa CCM, mwanawe Makongoro aligombea ubunge Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashinda. Baadaye mahakama ikatengua. Hebu fikiria kwenu: baba ndiye aliyekijenga chama, mtoto anahamia kwa wapinzani mbele ya nchi nzima. Kuna wazee wangemwambia asikanyage tena boma. Makongoro alibaki kuwa mwana wa nyumba ile, na miaka mingine akarudi CCM kwa miguu yake.

Mwalimu aliaga dunia London, Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu, mkewe akiwa karibu. Ndoa ilikuwa imefikisha miaka 46. Alizikwa nyumbani Butiama, pale Mwitongo, walipolala pia Burito na Mgaya. Ukitoka Tarime panda basi la Musoma, shuka Makutano, uliza gari la Butiama. Kwenda na kurudi ni siku moja, na ukimchukua mama watoto nauli haitakuua.

Wiki ijayo nakwenda Sirari, mpakani. Huko nasikia kuna mambo ya harusi. Tukutane hapahapa.