Kuku wako wanalala wapi?

Ukimpeleka mtoto kliniki, muuguzi atampima uzito na urefu, atafungua kadi aone chanjo, atauliza kama bado ananyonya, anakula nini, na kama analala ndani ya chandarua. Yote ni maswali ya msingi. Lakini kuna swali moja ambalo katika kliniki nyingi halisikiki, na wiki hii tunaliuliza hapa: kuku wenu wanalala wapi?

Usicheke, msomaji. Katika nyumba nyingi za vijijini, na hata za pembezoni mwa miji, giza likiingia kuku nao huingizwa ndani. Wapo wanaolala chini ya kitanda, wapo wanaofungiwa jikoni kando ya mafiga, wapo wanaofunikwa tenga nyuma ya mlango. Sababu zinaeleweka kabisa. Nje kuna mwizi, kuna kicheche, kuna nyoka anayefuata mayai. Kuku wale ndio akiba ya nyumba: ndio daftari za watoto wa shule, ndio nauli ya kwenda hospitali usiku wa manane. Hakuna mtu anayelaza akiba yake nje. Asubuhi kuku hutolewa, sakafu hufagiwa, na mtoto wa miezi minane huwekwa papo hapo atambae.

Tatizo linaanzia hapo kwenye sakafu.

Mwaka 2016 watafiti wawili, Derek Headey na Kalle Hirvonen, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watoto wa vijijini nchini Ethiopia. Waliona mambo mawili yanayoonekana kupingana. Watoto wa nyumba zinazofuga kuku walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao kuliko wa nyumba zisizofuga. Ila pale ambapo kuku walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, hali ilikuwa kinyume: watoto walikuwa wafupi zaidi kwa umri wao. Uchunguzi wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba kuku wa ndani ndio chanzo, kwa sababu nyumba isiyo na banda huenda ina upungufu mwingine pia. Lakini ukiujua mwili wa mtoto na kilichomo kwenye kinyesi cha kuku, hushangai.

Kuku mzima kabisa, anayekula na kuwika vizuri, anaweza kuwa na bakteria aina ya Campylobacter na Salmonella tumboni mwake bila kuumwa hata siku moja. Kwa binadamu bakteria hao huleta kuhara, homa na maumivu makali ya tumbo, na mara nyingine kuhara damu. Mtu mzima anaweza kuugua siku chache akapona. Mtoto mchanga ana maji kidogo mwilini, na huishiwa haraka.

Na mtoto anayetambaa hufanya kazi moja kutwa nzima: kuokota na kutia mdomoni. Huko Zimbabwe watafiti waliketi kwenye nyumba za vijijini wakawatazama watoto wachanga 23 kwa saa kadhaa. Wawili kati yao walikula kinyesi cha kuku mbele ya macho yao, na wengine walikula udongo wa uani. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa wanapika, wanafua, wanachota maji, kama mama yeyote. Kinyesi cha kuku kikikauka hufanana na udongo, na wengi wetu hatukihesabu kuwa kinyesi kama tunavyohesabu cha mbwa au cha mtu. Gramu moja tu inaweza kuwa na mamilioni ya bakteria.

Kuna madhara mengine yasiyopiga kelele. Mtoto anayemeza uchafu huu kidogo kidogo kila siku huenda asiharishe sana. Utumbo wake hukaa katika uvimbe wa kudumu, kuta zake hudhoofika, na chakula anachokula hakifyonzwi ipasavyo. Unampa uji, anaumaliza, lakini haongezeki. Unabadilisha unga, unanunua dawa ya kuongeza hamu ya kula, unalaumiwa na mama mkwe. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa Tanzania bado ina watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, na kuku si ya kwanza kwenye orodha. Lakini ni moja ambayo mzazi anaweza kuiondoa kwa fito na misumari.

Sasa, asije mtu akasema safu hii imemwambia auze kuku. Tunasema tofauti kabisa. Yai moja lina takriban gramu sita za protini ya daraja la juu, lina vitamini A na B12, lina madini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale nyama, samaki au mayai kila siku. Nchini Ecuador, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua karibu nusu ukilinganisha na wenzao. Utafiti kama huo ulipofanyika Malawi, tofauti hiyo ya urefu haikuonekana. Watoto wengi wa kule walikuwa tayari wanakula samaki. Yai si muujiza, basi. Linasaidia zaidi pale ambapo mtoto anakula uji mtupu na ugali wenye mchuzi wa majani.

Tatizo ni kwamba mayai mengi ya kienyeji hayafiki mdomoni mwa mtoto wa nyumba hiyo. Yanakwenda gulioni, yanarudi yakiwa sukari, sabuni, na pengine soda na biskuti za mtoto yule yule. Kwingine bado kuna imani kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi, au mjamzito akila atazaa mtoto asiye na nywele. Hakuna ukweli wowote hapo. Ukiwa mjamzito, kula. Mtoto akitimiza miezi sita, mpe yai lililoiva hadi kiini kikakauka, uliponde ndani ya uji au viazi, uanze na kidogo uone kama mwili wake unalipokea. Yai bichi la kunywa "kwa ajili ya nguvu" au sauti lina hatari ile ile ya Salmonella, hata likiwa la kienyeji.

Tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo wafugaji wengi hukata tamaa. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai kama 12 hadi 15, huatamia siku 21, kisha huzunguka na vifaranga miezi miwili au mitatu kabla ya kutaga tena. Kwa mwaka hupati zaidi ya mayai 40 hadi 60. Ukiwa na mitetea watano, na mayai nusu ukiwaachia waatamie, unabaki na mayai kama mawili au matatu kwa wiki. Hayo hayatoshi kuuza na kulisha.

Lakini hesabu hiyo inabadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwatenga vifaranga na mama yao wakifikisha kama wiki nne, uwaweke mahali pakavu penye joto na chakula chao. Mama hurudi kutaga mapema. La pili, na ndilo kubwa, ni kuzuia kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wote wa kijiji ndani ya siku chache, na kila ukipita familia huanza upya na mtetea mmoja wa kuazima. Chanjo ipo. Aina ya I-2 inastahimili joto kuliko zile za zamani, na hutolewa kwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kwa hiyo si jambo la kufanya peke yako: changeni nyumba kumi, mwiteni mtaalamu wa mifugo wa kata, mmalize mtaa mzima asubuhi moja.

Hapo kwenye kideri ndipo linapoingia jambo linalotuudhi. Kuku akianza kusinzia na kupinda shingo, watu hukimbilia duka la dawa za binadamu, wananunua tetrasaiklini, zile kapsuli za rangi mbili, wanazifungua ndani ya maji ya kunywa ya kuku. Kideri kinaletwa na virusi. Kapsuli ile haikigusi. Kuku anakufa, na aliyepona anabaki na dawa kwenye mayai na nyama, ambayo inauzwa kesho yake kwa mama anayemtafutia mwanawe mayai "yasiyo na madawa". Bakteria waliomo tumboni mwa kuku nao hujifunza kuizoea dawa, kisha huhamia kwa mtoto anayetambaa uani. Siku mtoto huyo akiugua, daktari anaandika dawa ambayo bakteria wameshaizoea. Kama mtaalamu wa mifugo ameandika dawa kwa kuku wako, muulize swali hili tu: baada ya dozi ya mwisho, nisubiri siku ngapi kabla ya kula au kuuza yai? Siku hizo zimeandikwa pia kwenye paketi ya dawa za mifugo. Mayai ya siku hizo hayauzwi na hayaliwi. Inauma, tunajua. Na kuku aliyekufa mwenyewe asiingie chunguni wala sokoni, mchimbie shimo.

Turudi kwenye banda. Halihitaji tofali. Fito, mianzi au mabanzi yanatosha, na bati chakavu au makuti kwa juu. Liinue kama mita moja kutoka chini, sakafu yake iwe ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, ambako utakikusanya kwa ajili ya bustani. Kila kuku watano wapewe angalau mita moja ya mraba. Unaogopa mwizi? Liegemeze kwenye ukuta wa chumba unacholala, mlango wake uwe na kufuli na utazame dirisha lako. Kuku wakishtuka utawasikia vizuri kama walivyokuwa chini ya kitanda.

Mchana kuku watatembea tu, na huwezi kuwafuata na ufagio. Basi mtengee mtoto sehemu yake: mkeka juu ya kibaraza, uzio mdogo wa fito, mahali popote ambapo kuku hafiki. Mnawishe mikono kwa sabuni kabla ya kula, nawe unawe baada ya kuokota mayai au kufagia banda. Yai lenye kinyesi lifute kwa kitambaa kikavu. Kuliosha na kuliweka huruhusu uchafu kupenya kwenye ganda.

Kwa mpangaji mwenye chumba kimoja mjini na watoto watatu, tunajua hakuna ua wa kujenga kitu. Kwake ushauri wetu ni mgumu: kama kuku hawana pa kulala ila chumbani, bora anunue mayai.

Na kwa wenye mamlaka tuna ombi moja lisilohitaji bajeti. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembelea nyumba kuuliza vyandarua na vyoo aulize na kuku wanalala wapi. Mtaalamu wa mifugo anayekuja kuchanja aulize nyumbani kuna mtoto wa umri gani. Watu hawa wawili hupita mlango mmoja na mara nyingi hawajuani.

Kama mtoto wako anaharisha leo, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na mara kwa mara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa kituoni. Usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, akitapika kila anachokunywa, au akilegea na kushindwa kunyonya, usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya. Ukifika, mweleze mganga kwamba nyumbani mnafuga kuku, hata kama hajauliza.