Hodi ya Paka

Kila Novemba muhula wa pili ukiisha hapa Sydney, paka huhama. Mwenzetu kamaliza masomo, anafungasha mizigo arudi kwao, na paka wake anabaki mlangoni petu ndani ya kikapu. Ndani tayari wako wawili.

Lamu au Mji Mkongwe hakuna anayewajulisha paka. Mgeni huja, hupimana nguvu na wenyeji, akishindwa hupanda ukuta akatafute baraza nyingine. Fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tatu haina ukuta wa kupanda. Aliyeshindwa hujibanza nyuma ya friji, huacha kula, hukojoa kitandani mwa mtu, na wiki ya pili tunaanza kuulizana nani atamchukua. Akishahamishwa mara mbili, wa tatu wa kumpokea hapatikani kirahisi.

Kwa hiyo apige hodi kwanza, na hodi ya paka ni harufu. Akishaonwa na daktari wa wanyama, mgeni apewe chumba chake, mlango ufungwe: maji, chakula, beseni la mchanga, boksi la kujifichia. Tumfute mashavu kwa soksi safi, soksi hiyo tuiache karibu na wenyeji. Ya wenyeji tumpelekee yeye. Kisha wale chakula huku na huku ya mlango, bakuli zikisogezwa kidogo kidogo. Wakila wametulia, mlango ufunguliwe upenyo kwa dakika chache. Akitoa mlio kama wa nyoka, tusimkemee. Atajifunza tu kwamba mgeni huja na adhabu. Tufunge, turudi hatua moja.

Wengine huelewana kwa siku chache, wengine kwa miezi. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Kwa paka, jembe lisubiri.

Paka watatu, mabeseni manne, tena mahali mbalimbali, maana yakipangwa pamoja paka mmoja huweza kuyalinda yote. Ndiyo, fleti itanuka kidogo.

Na karatasi zake. Sheria ya New South Wales inataka paka awe na chipu kabla ya kufikisha wiki 12 au kabla ya kutolewa kwa mtu, na asiyehasiwa kufikia miezi minne hulipiwa kibali cha mwaka. Jina la mwenye paka libadilishwe kwenye rejesta kabla ndege haijaruka. Tangu tarehe 19 Mei 2025, mpangaji akiomba kufuga, mwenye nyumba ana siku 21 za kujibu. Tusidhani ruhusa ya wale wawili inamtosha wa tatu.

Hesabu hizo siku 21, ongeza wiki kadhaa za mlango uliofungwa, na mmoja wetu anayelala sebuleni muda wote huo. Anayeondoka Novemba atuambie Septemba.