Igizo la manyoya, na akina dada je?

Wadau, mwalimu akiwaambia mtaigiza biashara ya manyoya ya Amerika Kaskazini, ulizeni kwanza nani atakuwa mwanamke. Sisi kwenye semina tuligawana hivi: wazungu wa Hudson's Bay Company huku, wawindaji Wacree kule, bunduki na masufuria mezani, bei inahesabiwa kwa ngozi za biva (yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa). Raha tupu. Ila jamani, wote wanaume! Hata wasichana waliigiza wanaume.

Sasa ngozi zile nani alizilainisha? Viatu vya kutembelea juu ya theluji nani alivisuka?

Na mkalimani je? Mwaka 1715 Gavana James Knight wa York Factory alitaka Wacree na Wachipewyan wapatane, maana vita vilimharibia biashara. Aliyewapatanisha ni Thanadelthur, binti wa Kichipewyan aliyewahi kutekwa na Wacree hao hao. Alibembeleza ndugu zake mpaka sauti ikamkauka! Alifariki 1717.

Igizo nalipenda kuliko mhadhara, sikatai. Lakini mkigawana nafasi, anzeni na yake, apewe mtu mwenye mdomo. Magavana hawakosekani.