Hata barafu inasubiri mfadhili?

Makamanda, leo siongelei tume ya uchaguzi. Naongelea barafu.

Mama mdogo wangu, mkulima wa kabichi kule Mgeta, alipewa dozi ya kwanza ya kemo Dar, akapanda gari akarudi mlimani. Wiki moja baadaye mdomo wote vidonda, hata uji uliopoa unamchoma. Dozi ya pili ikaahirishwa. Hakuna aliyemwambia ajikinge vipi. Hakuna!

Na kinga yenyewe wala si ya mabilioni. Kuangaliwa meno kabla ya kuanza tiba. Mswaki laini. Kusukutua maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku. Na kwa wanaochomwa sindano ya fluorourasili, kumung'unya barafu nusu saa, kuanzia dakika 5 kabla ya sindano: mishipa ya mdomoni inasinyaa, dawa inafika kidogo. Hili limejulikana tangu miaka ya 1990, kabla sijazaliwa.

Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi afya ipate asilimia 15 ya bajeti. Hatujafika. Ibara ya 14 ya Katiba inataja haki ya kuishi. Sisi wa sheria tunaikariri kwa ajili ya mtihani.

Treni ya umeme imefika Morogoro 2024. Nimeipanda, nzuri tu. Karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili haikumfikia mama mdogo.

Vijana wa Mvomero, mkutano wa kijiji ukiitishwa simameni muulize: mgonjwa wa kemo akirudi nyumbani, zahanati yetu inamwelekeza nini?