Kikwazo cha watafiti wa Chiromo si umbali wa Geneva, ni bajeti

MWANAFUNZI wa fizikia katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi halazimiki kupanda ndege ili achunguze jinsi viini vya atomi vinavyogongana. Anahitaji kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika na muda wa kutosha. Hayo matatu ndiyo adimu.

Katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi, viini vya metali ya risasi vilianza kugonganishwa Novemba 2010 ndani ya mtambo wenye mzingo wa kilomita 27. Mgongano mmoja wa uso kwa uso huzaa maelfu ya chembe. Ili kufasiri yaliyotokea, wanasayansi huyalinganisha na migongano ya kuigiza ambayo kompyuta huitunga kwa mamilioni, ikifuata kanuni za fizikia.

Programu za kazi hiyo, zikiwemo PYTHIA na HIJING, hutolewa bila malipo. Mwaka 2014, CERN ilianza kufungua ghala la data zake kwa umma. Nyaya za baharini za intaneti zilifika Mombasa mwaka 2009, na mtandao wa KENET huunganisha vyuo vikuu nchini.

Je, kizuizi ki wapi? Hesabu za aina hii zaweza kuchukua siku kadhaa mfululizo. Umeme ukipotea, kama ulivyopotea karibu nchi nzima Agosti 2023, kazi isiyohifadhiwa huanza upya.

Hata hivyo, kiini cha tatizo kiko katikati ya jiji, kwenye ofisi za Hazina Kuu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliagiza utafiti utengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Wapo watakaouliza chembe zisizoonekana zina faida gani kwa mkazi wa Kangemi anayenunua maji kwa mtungi. Swali hilo ni halali. Lakini mbinu iyo hiyo ya kuigiza mwendo wa chembe hutumiwa kukadiria mionzi anayopewa mgonjwa wa saratani, na mkazi huyo akiugua atahitaji mtaalamu anayeielewa.

Ikiwa asilimia mbili ni nyingi mno, Bunge na liirekebishe sheria hadharani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Taifa linalotaka wataalamu halina budi kugharimia mafunzo yao.